Bwawa la Kutazamwa na Shemeji

Fundi wa mabwawa alitoka Mwanza alfajiri, akafika kwangu Bariadi kabla sijamaliza kufagia uwanja. Alikuwa na futi ya kuvuta, bunda la ramani na adabu nyingi. Alinipa shikamoo mara mbili. Ya pili ilikuja baada ya kuitazama nyumba yenyewe, bati lililopauka, choo cha nje, kuku wanachakura mlangoni. Nadhani alikuwa anajiuliza kama hajakosea nyumba.

"Mama, binti yako ameniambia unataka bwawa la kuogelea na jakuzi."

"Ndiyo."

"Hapa?"

"Kwani wewe unaona pengine?"

Akacheka kidogo, akafungua daftari. Akaniuliza maswali ambayo bila shaka huwauliza wateja wake wote. Wataogelea watu wangapi? Kuna watoto? Upande wa kina kirefu uwe na kina gani? Mimi mwenyewe napenda kuogelea saa ngapi? Nikamwambia sijui kuogelea na kwa umri huu sina mpango wa kujifunza. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, magoti yamekwisha, na maji marefu kuliko yote niliyowahi kuingia yaliishia kwenye hayo hayo magoti.

"Sasa mama, bwawa litakuwa la nini?"

"La kutazamwa."

Nikampeleka mpaka kwenye ua wa minyaa unaotenganisha kiwanja changu na cha jirani. Nikamwonyesha baraza la ng'ambo, hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa, na benchi la mbao lililowekwa pale. Nikamwambia mtu akikaa kwenye benchi lile nataka aone maji, na asiwe na kitu kingine cha kutazama. Akaandika. Sijui aliandika nini.

Wazo la bwawa lilikuwa la binti yangu. Yuko Dar es Salaam, mambo yake yamemnyookea, na daktari aliponiambia magoti yangu yangepata nafuu kwenye maji ya moto, yeye alilidaka neno hilo hewani. Akaanza kunitumia picha kwenye simu, mabwawa ya buluu na wanawake waliojifunga taulo nyeupe, wamewekewa vipande vya tango machoni. Mimi ni mtu wa kukataa vitu. Friji nilikataa, makochi nilikataa, kuhamia kwake nilikataa mpaka akalia. Kwa hiyo alijiandaa kwa ugomvi. Nilipomwambia "leta fundi" akaniuliza kama naumwa.

Sababu sikumwambia. Sababu ilikuwa inakaa kwenye lile benchi kila asubuhi, inakunywa uji.

Mzee yule ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Mume wangu alifariki binti yetu akiwa na miaka miwili. Matanga yalipokwisha ukoo ukakaa kikao, ikasemwa kwamba kwa mila shemeji anirithi. Nikakataa. Nilikataa kwa heshima, nimepiga magoti, lakini nilikataa. Ng'ombe wa mume wangu wakaondoka wote wiki ile ile. Nikasema sawa, wachukueni, mimi nina kazi yangu.

La kisima ndilo sikulitegemea. Kisima kile mume wangu alikichimba kwa mikono yake, yeye yuko chini na sururu, mimi niko juu navuta udongo kwa kamba, na tumbo la miezi mitano. Kikaangukia upande wa kaka yake kwa hatua tano tu, maana wakati ule hapakuwa na pande, ulikuwa uwanja mmoja. Baada ya kikao kile shemeji akapanda minyaa, akaweka geti la miti. Nilipokwenda na ndoo akaniambia, "Kisima ni cha ukoo, na ukoo wewe umeukataa."

Mtu asiye wa huku lazima aelewe jambo moja. Kwetu mtu anaweza kunyimwa maji. Watu wanagombana, wananuniana, wananyimana. Lakini ng'ombe akishafika penye maji hafukuzwi na kiu yake, hata awe wa mtu mnayechukiana. Ukimfukuza, habari zako zitafika Meatu kabla ya jua kuzama, na hakuna atakayekula kwako tena.

Basi siku moja, katika kiangazi cha mwaka ule ule, nilikuwa nimesimama kwenye geti lake na ndoo toka kumekucha, nikidhani labda atachoka kuniona. Mtoto alikuwa mgongoni. Akapita mchungaji mgeni kutoka Mwandoya, anapeleka ng'ombe mnadani, hata hawafahamiani. Shemeji akamchangamkia, akafungua geti lote. Kisha akanigeukia mimi niliyesimama njiani, akasema kwa upole kabisa, kama anamwita mama yake, "Mayu, pisha ng'ombe wanywe."

Nikapisha. Nikasimama pembeni nikawatazama wanavyokunywa, wanatema, wanamwaga, wanakojoa palepale kwenye birika la kunyweshea. Mtu mzima, mwalimu, nikawaonea wivu ng'ombe.

Kesho yake nilikwenda kwetu Lalago kwa miguu, nikamwomba kaka yangu aniazime ndama. Nikarudi na ndama mwekundu nimemfunga kamba shingoni, nikamfikisha kwenye geti la shemeji. Akatutazama, mimi na ndama. Akafungua. Alikuwa hana la kufanya, maana ndama ana kiu. Ndama akanywa mafunda yake machache, na alipoinua kichwa mimi nikainama na kata, nikachota yaliyobaki kwenye birika, mate na majani humo humo, nikajaza ndoo. Nilifanya hivyo kila siku mpaka mvua zikanyesha. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi lake ananitazama, na hakuwahi hata mara moja kusema chota kisimani. Niliyachemsha yale maji, lakini binti yangu aliugua tumbo hata hivyo, tukalala hospitali wiki nzima nikidhani naye ataondoka. Baba yake mkubwa hakuja hata kumjulia hali.

Toka hapo nimekuwa na shemeji yangu kama majirani wastaarabu. Tunasalimiana, mwangaluka asubuhi, mwadila jioni. Misiba tunazikana. Na kila siku ya Mungu nilikuwa naomba nipate uhai wa kutosha ili yeye aje asimame kwenye geti langu na ndoo tupu, na mimi nimwambie, "Shemeji, pisha ng'ombe wanywe." Maneno hayo nimeyatunza kuliko nilivyotunza cheti changu cha ndoa.

Kwa hiyo fundi aliponiambia sehemu niliyochagua haifai, hakujua anaongea na nani.

"Mama, hapa karibu na ua wa jirani udongo ni mweusi, wa mbuga," akasema. Alikuwa amechimba shimo la kupimia, amefinya donge mkononi. "Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, masika unavimba. Bwawa litakatika katikati kama mkate. Kule mashariki una luseni, kichanga kizuri, maji yanapenya, jua la jioni lipo. Tuweke kule."

"Kule hapaonekani kutoka barazani."

"Baraza la nani?"

"Wewe niambie tunafanyaje liwe hapa."

Akanieleza. Tuuchimbe udongo mweusi wote tuutoe, tushindilie moramu mahali pake, nondo zipangwe tabaka mbili, zege liwe nene. Itakuwa kazi kubwa maradufu. Nikasema sawa. Kila alichotaka kuniepusha nacho nilikichagua. Alipendekeza vigae vya kijivu kwa sababu havichoshi macho, nikataka buluu inayong'aa. Alipendekeza ukuta wa faragha kuzunguka bwawa, nikataka waya wa kupenyeza macho. Jakuzi alitaka liwe chini, karibu na mlango wa jikoni, nisipande ngazi na magoti haya. Nikataka liinuliwe, lije mbele, na nikamuuliza kama asubuhi za Juni, kukiwa na baridi, mvuke wake utaonekana kutoka mbali.

"Utaonekana," akasema.

"Na mapovu?"

"Mapovu yanasikika, mama."

Nikafurahi kweli. Nikamkaangia fundi mayai.

Mji haukukaa kimya. Mwenyekiti wa mtaa alipita, akaziona kamba za fundi zimetandazwa juu ya vigingi, akasema hongera mwalimu, lambo litatusaidia sana. Wengine wakasema nafuga kambare. Wanakwaya wenzangu wakauliza kama mchungaji atakuja kubatizia humo, nikawaambia hapana, hili si la kuondoa dhambi. Shemeji mwenyewe hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi lake anatazama vigingi, na mimi nilikuwa natafuta visababu vya kutoka nje nimwone anavyotazama.

Kikabaki kitu kimoja. Bwawa linataka maji, na bomba la mji kwetu linatoka siku linapojisikia. Fundi akasema bila kisima kirefu tutakuwa tumejenga shimo la kuchezea mijusi. Akaja mpimaji wa serikali wa maji ya ardhini na mashine yake, akachomeka vyuma na nyaya kiwanja kizima, akazunguka siku nzima kofia usoni. Jioni akapiga kigingi chekundu kwenye kona, hatua chache kutoka kwenye minyaa.

"Mwamba wa maji unapita hapa," akasema. "Lakini mama, ng'ambo naona kisima cha mkono. Kinatumika?"

"Mwenyewe anakitegemea hicho hicho. Bomba hakuvuta, kwa kiburi."

"Basi nikwambie ukweli. Tukichimba kirefu hapa na kuvuta kwa pampu, kile cha kwake kitakauka. Kiangazi hiki hiki. Ningekuwa wewe ningeongea naye kwanza."

Sitasema uongo kwamba nilisita. Moyo ulinidunda kama wa mwari aliyeletewa barua ya posa. Mimi nilikuwa nimepanga atazame maji, basi, aumie macho. Sikuwa nimethubutu kuomba zaidi ya hapo, na sasa mtu wa serikali kanisimamia uani kwangu ananiambia maji ya mume wangu yanaweza kurudi upande wangu. Mpimaji akasema ni vizuri jirani ajulishwe kwa maandishi. Nikamjulisha. Niliandika tangazo zuri, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikalibandika kwenye minyaa, upande wangu.

Mashine ikaja, ikachimba siku mbili, vumbi likatufanya wote tuwe weupe. Maji yakaruka. Kisha wakafunga pampu wakavuta mfululizo mchana na usiku kupima uwezo wa kisima, na maji yote yale yakawa yanamwagwa tu kwenye mtaro wa barabara. Asubuhi ya pili nilitoa kiti nje, nikamimina chai, nikakaa karibu na minyaa. Nikasikia kamba ya shemeji inashuka. Inashuka, inashuka, kisha ndoo ikagonga mawe. Akaivuta, akaishusha tena, ikagonga. Akarudia mara nne. Mkate wangu sikuwahi kuula kwa utamu kama asubuhi ile.

Siku mbili zilizofuata nikawa nasubiri. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, wanawe wote wako Mwandoya na mifugo, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumtuma. Angekuja mwenyewe. Nilijaribu hata nguo za kuvaa siku hiyo. Niliona vijana wa baiskeli wanampelekea madumu ya maji, nikaona ng'ombe wake watatu wa maziwa wanaswagwa kupelekwa kwa jamaa. Nikasema moyoni, dumu la kununua utalinunua mpaka lini.

Siku ya tatu asubuhi geti likagongwa. Nikafungua.

Shemeji alikuwa amesimama na ndoo mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na ndama.

"Mwangaluka, mayu," akasema. "Ndama ana kiu."

Nimemsubiri miaka zaidi ya thelathini, naye amekuja na kitu pekee duniani nisichoweza kumnyima. Majirani walikuwa wanapita barabarani. Ndama mwenyewe alikuwa amenyoosha shingo kuelekea kwenye nusu pipa ambalo mafundi walikuwa wamelijaza maji ya kuchanganyia zege la kisima. Nikapisha. Ndama akaingia, akaruka kamba za bwawa, akaenda moja kwa moja akazamisha pua.

Shemeji akaenda na ndoo yake akasimama kando ya pipa, karibu mno na ndama. Nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo. Nikavuta pumzi.

"Shemeji," nikasema, "pisha ng'ombe anywe."

Akageuka akanitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa. "Ee, kweli," akasema, akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyekumbushwa adabu ndogo.

Basi. Hakuna kilichotokea usoni kwake. Ndama alipomaliza, shemeji akainama, akatoa kata kwenye ndoo, akachota mabaki ya pipani. Akanishukuru, wabeja, akavuta kamba yake akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya vigingi nimeshika kiuno.

Kesho yake alipokuja nilimuuliza kabla hata ya salamu. "Shemeji, unakumbuka kiangazi kile ulichoninyima kisima?"

"Sikumbuki, mayu. Nimezeeka."

"Mchungaji wa Mwandoya hukumbuki? Geti? Ndama wangu?"

"Mambo ni mengi."

Nataka ieleweke jinsi nilivyoumia. Mtu akikufanyia ubaya na akaukumbuka, angalau mmeubeba wawili. Huyu aliniachia mzigo wote, akaenda zake akanenepa. Maneno niliyokuwa nimeyanoa maisha yangu yote yalikuwa yamemgonga mtu asiyejua yanahusu nini. Nilitaka kumpiga na kata yake.

Lakini mimi nimefundisha darasa la tatu. Nimewafundisha jedwali la saba watoto ambao wazazi wao walishawakatia tamaa, na najua kitu kinaingiaje kwenye kichwa kigumu. Kinaingia kwa kurudiwa. Nikamwambia ndama atakunywa hapa kila siku, na wakati ndama anakunywa, yeye atasikiliza. Nikaanza mwanzo. Kisukuma, asipate pa kujificha. Matanga, kikao, sururu ya mume wangu, tumbo langu la miezi mitano, minyaa, ndoo, mtoto mgongoni, mchungaji, ndama mwekundu, kata, birika, hospitali. Alisimama kofia mkononi mpaka nilipomaliza. Nikamuuliza, "Umekumbuka?" Akasema hapana. Nikasema kesho tena.

Kesho tena. Na keshokutwa. Kila asubuhi geti linagongwa, ndama anaingia, nami naanza kutoka matangani. Siku nyingine nilisimulia kwa ukali, siku nyingine kwa kunong'ona. Siku nyingine nilikuwa namwonyesha kwa vitendo, nainama na kata, mzee mzima wa magoti mabovu, nachota hewa. Nilimweleza joto la mwili wa binti yangu usiku ule wa hospitali. Nilimweleza jinsi dripu ilivyokuwa inadondoka. Yeye alikuwa anachota mabaki kwenye nusu pipa, anasema "sikumbuki, mayu", anakwenda.

Kazi ya bwawa ikasimama. Fundi alipiga simu, moramu imeshapatikana, aje lini? Nikamwambia asubiri. Akapiga binti.

"Mama, fundi anasema umesimamisha kazi. Kuna tatizo?"

"Nina shughuli asubuhi."

"Shughuli gani, mama? Si umestaafu?"

"Nafundisha."

Akaanza tena kuniuliza kama naumwa. Kamba za fundi zilikuwa zimeshalegea, vigingi vingine ndama ameving'oa, na pale palipopangwa kuwa na jakuzi kulikuwa na kinyesi chake. Ramani niliigongomea ukutani jikoni, na nilipokuwa napika niliitazama ile buluu, nikaona kwamba haina maana tena. Mtu asiyejua amefanya nini, hata ukimjengea bahari mbele ya benchi lake ataona maji mazuri tu, aseme hongera.

Ilikuwa wiki ya tatu, nadhani. Asubuhi ya kawaida. Nilikuwa nimechoka, magoti yanauma, nikawa nasimulia harakaharaka kama mtoto anayesoma shairi la kukariri. Nikafika Lalago. "Nikarudi na ndama mwekundu mtupu," nikasema, "kamba shingoni, nikamleta mpaka kwenye..."

"Hakuwa mwekundu mtupu."

Shemeji alikuwa ameinama juu ya pipa, kata mkononi, hakuinua kichwa.

"Alikuwa na soksi nyeupe," akasema. "Mguu wa nyuma, wa kushoto. Na sikio moja limechanika."

Nikamwona yule ndama. Namna hii tu, kwa ghafla, nikauona ule mguu mweupe ukikanyaga tope la birika, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau. Ndiyo. Alikuwa nao. Mtu wa kwetu anaweza kukana kila kitu ulichomwambia, akavumilia wiki tatu, lakini hawezi kusikia ng'ombe anasemwa vibaya rangi akanyamaza.

"Kumbe unakumbuka," nikasema.

Akachota kata nyingine.

"Toka lini?"

"Toka zamani, mayu. Sikuwahi kusahau."

"Sasa mbona kila siku unanikana hapa uani kwangu?"

Akaweka kata ndani ya ndoo. "Ulikuwa hujamaliza kusema," akajibu.

Nilikasirika kuliko siku zote nilizowahi kukasirika na mtu huyu, na zilikuwa nyingi. Mimi nilidhani namwadhibu, kumbe ananiachia. Kumbe hata kisasi changu yeye ndiye aliyekuwa ananipimia, kila asubuhi kiasi chake, kama mtu anayefungua na kufunga geti. Nikatazama ng'ambo ya minyaa. Barazani kwake, pembeni ya benchi, madumu ya maji ya kununua yalikuwa yamepangwa safu, yamejaa, yamefungwa vifuniko. Nilikuwa nayaona kila siku. Sikuwa nimejiuliza mtu mwenye maji yote yale anachota mate ya ndama ya nini.

Nikamnyang'anya ndoo. Nikayamwaga yale mabaki chini, ndama akashtuka. Nikaenda kwenye bomba jipya la kisima, nikafungua mpaka mwisho, nikajaza ndoo mpaka ikafurika ikanilowesha miguu. Nikamkabidhi.

"Kesho usije na ndama," nikamwambia.

Akanitazama ili ajue nimemaanisha nini. Sikumsaidia. Bila ndama hana kinga, anajua hivyo na mimi najua. Bila ndama ni mtu mwenye ndoo amesimama kwenye geti la mtu aliyemkosea, na atapewa au hatapewa kwa kupenda kwangu tu. Akaondoka anayumba kwa uzito wa ndoo, ndama nyuma yake.

Usingizi sikupata vizuri. Mara nilisema hatakuja, mara nilisema akija simfungulii, mara nilijikuta natafuta kigoda cha kumpa akae. Nilipoamka niliwasha moto, nikachemsha chai, nikakata mkate. Dirisha la jikoni linaona geti.

Alikuja muda ule ule. Peke yake. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, kofia kaishika mkononi, na ndoo tupu kaiweka chini mbele ya miguu. Hakugonga. Alisimama pale pale ambapo mtu anasimama anaposubiri kuonekana, na watu walipopita kwenda sokoni wakamwamkia, aliwaitikia na hakuondoka.

Nikamwacha. Nilikunywa chai yangu yote, polepole, nimesimama dirishani namtazama. Nikala mkate. Nikaosha kikombe, nikakifuta, nikakirudisha kabatini. Jua lilikuwa limeshamfika kichwani.

Ndipo nikachukua funguo za geti.